Postikadi za zamani za Dar es Salaam: uchague ya Mjerumani, ya Mwingereza au ya rangi?

Nimezipanga mezani postikadi tatu za Dar es Salaam. Ya kwanza ni ya sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Wissmann amesimama juu, na chini yake yuko askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama, akiishusha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Ya pili ni Sanamu ya Askari, hii hii iliyopo Posta mpaka leo, iliyozinduliwa mwaka 1927. Humo askari yuko peke yake juu ya jiwe, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini, wala hakuna bwana wa kumwangalia. Ya tatu ni ya rangi, ya miaka ya sitini. Askari ni yule yule, ila mpigapicha amerudi nyuma, na kilichojaa kwenye picha ni magari, bustani ya mzunguko na maduka.

Kila anayetaka kuanza kununua postikadi za zamani za jiji letu huishia kuchagua kati ya zama hizi tatu. Yupo anayetaka picha ya ukutani sebuleni, yupo anayetaka kumpelekea mzazi zawadi, na yupo anayefuatilia historia ya mtaa wake. Fedha ni ile ile moja, na kadi ya kumfaa huyu haimfai yule. Mimi msimamo wangu nautoa mapema: kama unanunua moja tu, nunua ya picha halisi nyeusi na nyeupe ya wakati wa Mwingereza. Lakini sababu zake zinahitaji maelezo, na huenda ukizisikia ukachagua nyingine.

Kadi za Mjerumani

Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, na walijenga kwa haraka wakitaka kuonekana. Postikadi zilikuja wakati huo huo, Ulaya ilipokuwa imeshikwa na homa ya kuzikusanya. Ndiyo maana kadi za mwanzo kabisa zina maandishi ya mapambo, "Gruss aus", yaani salamu kutoka, na picha mbili tatu ndogo zimebanwa upande mmoja kuacha nafasi nyeupe. Nafasi hiyo ilikuwa ya kuandikia. Kwa kanuni za posta za wakati ule, upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Ujerumani iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe kwa mstari, anwani kulia na ujumbe kushoto, mwaka 1905. Uingereza ilishafanya hivyo tangu 1902. Kwa hiyo ukiona kadi ya Kijerumani yenye mwandiko umepita juu ya mawingu na minazi, usiseme imechafuliwa. Mwandiko huo unakwambia kwamba huenda ni ya kabla ya 1905.

Wapigapicha wake wanajulikana. Walther Dobbertin na C. Vincenti walikuwa Dar es Salaam hapa hapa, na ng'ambo ya pili, Unguja, walikuwepo Wagoa kama A. C. Gomes na Coutinho waliokuwa na studio zao. Dobbertin ndiye ninayempenda kuliko wote. Alijua kusubiri mwanga.

Utakachokiona kwenye kadi hizi ni ufuo. Kivukoni ilivyoonekana kutoka majini, nyumba nyeupe zenye varanda pana, kanisa la Kilutheri lililojengwa kati ya 1898 na 1902, na la Mtakatifu Yosefu lililoanza 1897 likakamilika 1902. Minara ya makanisa hayo mawili ni saa nzuri ya kupimia umri wa kadi. Ufuo usio na mnara wowote ni picha ya kabla ya minara hiyo kusimama, hata kama muhuri wa posta unasema 1908. Picha moja iliweza kuuzwa dukani kwa miaka mingi, kwa hiyo tarehe ya muhuri ni ya kutumwa kwa kadi, si ya kupigwa kwa picha. Utaiona pia hoteli ya Kaiserhof, iliyokuja kuitwa New Africa na ambayo jengo lake la zamani halipo tena, na jumba la gavana kabla halijapigwa mizinga na manowari za Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ikulu tunayoifahamu leo ilijengwa upya juu ya misingi ya jumba hilo mwaka 1922. Ukitaka kuona lilivyokuwa kabla, kadi ya Mjerumani ndiyo itakayokuonyesha.

Kwa uzuri wa uchapaji, hakuna zinazozifikia. Zilichapwa Ujerumani kwa ustadi mkubwa, wino laini, vivuli vinavyoyeyuka polepole. Zile zilizotiwa rangi zina anga ya samawati na mapaa mekundu yaliyopakwa kiwandani, kwa hiyo usizichukulie rangi hizo kuwa ushahidi wa rangi ya ukuta wowote.

Stempu zake nazo zina utamu wake, zile zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaizari. Thamani iliandikwa kwanza kwa pesa, kisha tangu 1905 kwa heller. Heller hiyo ndiyo iliyotuachia neno "hela". Nilipoiona mara ya kwanza imeandikwa kwenye karatasi ndogo iliyopigwa muhuri, nilikaa nayo muda mrefu. Ni neno tunalolitaja kila siku sokoni, na chanzo chake nilikuwa nimekishika kati ya vidole viwili.

Sasa upungufu wake, na si mdogo. Barabara ni tupu. Unaangalia Unter den Akazien, barabara yenyewe tunayoiita Samora, imefagiliwa, miti imepangwa mistari, na mtu mmoja au wawili wamesimamishwa kwa mbali ili kuonyesha ukubwa wa miti. Jiji limepigwa picha kama mali ya mwenyewe aliyeko Ulaya. Na watu wanapopewa kadi yao, wanapewa bila majina. Chini huandikwa "mwanamke wa Kiswahili" au "watu wa kabila fulani", basi. Zipo kadi za wafungwa waliofungwa minyororo shingoni, zilizouzwa na kutumwa kama salamu za kawaida. Mimi sizitundiki hizo na siwashauri watu wazitundike. Lakini pia sikubaliani na wanaosema zichanwe. Ziwekwe, na anayezionyesha aeleze ni nini.

Bei ni kubwa kuliko za zama nyingine. Unashindana na wakusanyaji wa Ujerumani, na pia na wakusanyaji wa stempu ambao hawana habari na picha, wanataka muhuri tu.

Kadi za Mwingereza

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Sanamu ya Wissmann iling'olewa, ikapelekwa Hamburg, ikasimamishwa huko mwaka 1922 mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Nchi ikawa Tanganyika Territory, Unter den Akazien ikawa Acacia Avenue, na postikadi nazo zikabadilika. Sehemu kubwa ya zile nzuri si uchapaji wa wino. Ni picha zenyewe, zilizooshwa kwenye karatasi ya picha iliyokatwa kwa saizi ya kadi na kuchapwa mistari ya anwani nyuma.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa kinatosha. Kadi ya wino ukiisogelea sana inavunjika: unaona chembe au vitone, na mbele ya hapo hakuna kitu. Picha halisi haivunjiki. Kadiri unavyosogea ndivyo inavyozidi kukufungulia mambo.

Nina moja ya Acacia Avenue. Kwa macho matupu ni barabara, miti, gari mbili nyeusi. Niliinunua kwa sababu ya miti. Siku moja nikaipitisha chini ya kioo, nikaanza na varanda ya kushoto, na pale kivulini nikamkuta mtu ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, kitambaa kimemwagika mapajani. Hatua chache mbele yake yuko mwenye kanzu na kofia, mkono mmoja juu ya usukani wa baiskeli, kichwa kimegeuka kama aliyeitwa. Mpigapicha hakuwa na habari nao. Wameingia tu kwa kuwa ndio waliokuwepo, na ndiyo maana hawakupanga nyuso zao. Kadi ya Mjerumani inakuonyesha mtu aliyeamriwa kusimama. Hii inakuonyesha mtu aliye kwenye shughuli zake.

Kupima umri ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Stempu ya kichwa cha twiga ya Tanganyika ilianza 1922. Kuanzia 1935 stempu zinasema Kenya, Uganda, Tanganyika kwa pamoja. Kama kadi haikutumwa, tazama magari, tazama nguzo za umeme, na tazama meli. Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli kubwa hutia nanga katikati ya bandari, na mashua na matishari ndiyo yanayokwenda na kurudi. Kadi yenye msururu wa matishari kando ya meli kubwa ni bandari ya zamani hiyo.

Sanamu ya Askari ilipigwa picha mno, na kila mwenye mkusanyiko anayo. Tafuta iliyopigwa karibu kiasi cha kuonyesha jiwe lake la chini, kwa sababu maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Wasomaji wengi wa mjini wakati ule waliijua herufi ya Kiarabu kwanza, na mwenye kuchonga alilizingatia hilo.

Ubaya wake? Nyingi hazina maelezo ya maana wala jina la aliyepiga. Karatasi ya picha ikikaa kwenye unyevu wa pwani yetu hujikunja, na sehemu nyeusi hutoa mng'ao wa fedha ukiipindisha kwenye mwanga. Mng'ao huo usikukimbize, maana ni dalili ya uzee wa kweli. Ukungu wa madoa ya kahawia ndio wa kukimbia. Halafu, kama wa kadi za Mjerumani, mguu wa wapigapicha wake haukwenda mbali na Uzunguni na Uhindini. Kariakoo, iliyopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita, inaonekana kwa nadra. Ukiikuta kadi ya Kariakoo ya miaka ya thelathini kwa bei unayoimudu, usiende nyumbani kufikiria.

Kadi za rangi za baada ya Uhuru

Hizi wakusanyaji wakubwa wanazidharau, na wanakosea. Hoja yao ni kwamba zilichapwa kwa maelfu, anga zote ni za bluu ile ile, na nyingi ni za twiga na simba. Ni kweli. Lakini muulize mtu aliyekuwa kijana mwaka 1970 ni kadi ipi anaijua.

Humo mna Mnara wa Saa uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kuwa jiji mwaka 1961. Mna hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965, imesimama Kivukoni peke yake bila jirani wa kimo chake. Mna Mnazi Mmoja na mnara wake wa Mwenge. Acacia Avenue sasa ni Independence Avenue, na baadaye ndiyo ikawa Samora. Maandishi ya nyuma pia yanakusaidia: ikisema Tanganyika ilichapwa mapema, ikisema Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1964, jina hilo lilipoanza kutumika.

Nilimpelekea mama yangu mdogo moja ya Independence Avenue. Hakuitazama hata dakika akaanza kunyoosha kidole: hapa tulinunua viatu vya Idi, pale palikuwa na studio ya picha, hili basi lilikuwa linakwenda Magomeni. Nilikuwa nimempelekea pia ya Kijerumani, nzuri zaidi na ya bei mara kadhaa. Aliisifu, akairudisha kwenye bahasha.

Bei zake ni za kawaida, zinapatikana, na nyingi ziko safi kwa kuwa hazikutumwa. Adui yake mkubwa ni jua. Ukiitundika mkabala na dirisha, rangi itaondoka kidogo kidogo mpaka siku utakayoitoa kwenye fremu na kuona kingo zilizofichwa zina rangi nyingine.

Halisi au nakala

Swali hili linakuja kwa kila zama, na mimi nimelilipia. Muuzaji mmoja aliniuzia "ya mwaka 1906" yenye kona zilizochakaa na rangi ya chai. Nilifika nayo nyumbani, nikaweka kioo juu yake, nikakuta vitone vya rangi vilivyopangwa sawasawa kama vya gazeti, hata juu ya madoa ya uzee. Madoa yenyewe yalikuwa yamechapwa.

Tangu siku hiyo siachi kufanya mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni kioo, na naanza na madoa na mwandiko, si na picha. Wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi na kuingia ndani yake, haufanyi vitone. La pili ni ile taa ya zambarau ya kukagulia noti madukani. Karatasi za tangu miaka ya 1950 hivi mara nyingi hutiwa dawa ya kuzing'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka weupe wa bluu. Kadi ya Mjerumani haitakiwi kuwaka. Kwa kadi za rangi kipimo hiki hakisaidii, kwani nazo karatasi yake ni ya wakati huo.

Sisemi nakala ni haramu. Kama unataka picha kubwa ya ukutani, nakala iliyochapwa vizuri inakufaa kuliko kadi halisi ya sentimita tisa kwa kumi na nne ambayo mgeni hataiona akiwa kwenye kochi. Tena picha nyingi za Dobbertin ziko Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, na zinaonekana bure mtandaoni kupitia Wikimedia Commons. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kinatunza mkusanyiko mkubwa wa picha za makoloni unaoweza kuupekua ukiwa nyumbani. Ninachokataa ni nakala kuuzwa kwa bei na jina la halisi.

Ukishanunua halisi, usiipige laminesheni. Nimeona kadi nzuri zikiuawa hivyo kwa nia njema. Usiibandike kwa gundi wala selotepu. Iweke kwenye mfuko wa plastiki usionuka (plastiki inayonuka dawa inatoa kemikali), kabatini, mbali na ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Ukitaka kuandika kitu nyuma, penseli laini tu.

Kwa hiyo wewe unataka nini?

Kama ni zawadi kwa mtu wa umri wa miaka sitini na zaidi aliyeishi Dar, usisite, nunua ya rangi, na ikiwezekana ya barabara badala ya hoteli. Kama unafundisha darasa, chukua zile mbili za sanamu, ya Wissmann na ya Askari, uziweke pamoja mbele ya wanafunzi uwaulize askari ametoka wapi amekwenda wapi. Nakala inatosha. Mwenye fedha na subira, anayependa uchapaji, atafurahi na Mjerumani, ila atafute kadi zilizotumwa, zenye mwandiko na stempu yake haijabanduliwa. Baadhi ya wauzaji huibandua stempu wakaiuza kivyake, kadi ikabaki na kidonda. Anayetaka kuwaona watu wa Dar es Salaam wakiwa katika siku yao ya kawaida, arudi kwa Mwingereza na kioo chake.

Na asiye na fedha ya kadi yoyote kwa sasa, achape kwenye karatasi ya kawaida ile picha ya Kivukoni kutoka majini, apande nayo kivuko cha Kigamboni asubuhi. Asichukue kadi halisi, chumvi ya baharini itaila. Kivuko kikishatoka Magogoni, asimame upande unaoelekea mjini, ainue karatasi usawa wa macho, atafute mnara wa kanisa la Kilutheri kwanza. Upo, ila inabidi uutafute chini, kati ya maghorofa. Ukishaupata huo, wa Mtakatifu Yosefu hauko mbali.